Mwaka Wangu kwa Bi Tatu

Siku ya hitima ya Bi Tatu, pale kwake Kibiti, sisi tuliotoka mbali hatukuulizana majina wala kazi. Tuliulizana, "Wewe ulikuwa wa mwaka gani?" Jirani mmoja aliyekuwa akipitisha maji ya kunawa alidhani tunaulizana miaka ya kuzaliwa, akacheka, akasema watu wa mjini hawana haya. Kulikuwa na mhandisi wa maji aliyetoka Dodoma, kulikuwa na hakimu mstaafu, kulikuwa na muuguzi mkuu ambaye magoti yake hayamruhusu tena kukaa mkekani, na kulikuwa na mimi, mwalimu, miwani ikining'inia shingoni. Sote tulisomeshwa nje na ufadhili mmoja, kila mtu na nchi yake na wakati wake, na sote tuliporudi tulikabidhiwa kwa Bi Tatu atulee. Umoja wa waliosoma kwa ufadhili ule una walezi wengi. Wengi wao hukutana na watu wao mara mbili tatu hotelini, wakanywa kahawa, wakapeana namba za simu, basi. Bi Tatu alikuwa na desturi yake. Ukikabidhiwa kwake, unahamia kwake, na unakaa mwaka.

Ya wazazi wangu na ya Mbwara nilikozaliwa nayaacha. Nianze nilipotoka Uswidi na shahada ya pili ya elimu ya viziwi, koti zito ambalo sikulivaa tena, na uhakika kwamba nchi nzima inaningoja. Haikuningoja. Niliandika maombi ya kazi nikachoka, nikilala kwenye kochi la binamu yangu Temeke, na kila ofisi niliyoingia walinisifu kwa kusoma jambo zuri kisha wakaniambia nirudi mwezi ujao. Nilipopigiwa simu na katibu wa umoja wetu kwamba nimepata mlezi, nilifurahi. Nilimwona kichwani kabisa: mtu wa wizarani, mwenye meza kubwa, atakayeinua simu mara moja na mambo yangu yakanyooka. Katibu akasema, "Mlezi wako yuko Kibiti. Ni afisa kilimo. Alisomea mambo ya mpunga, Japani." Nikamuuliza kama hakuna kosa. Akasema hakuna, maana nimetajwa kuwa mzaliwa wa huko huko, na mama huyo ameniomba mwenyewe.

Nilimkuta uani akimparuza kambare kwa majivu, mikono imejaa utelezi mpaka viwiko. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusema na watu walio ng'ambo ya shamba. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Mkono sikupi, unauona ulivyo. Mizigo weka chumba kile chenye pazia la maua, kisha uje unikunie nazi." Hakuniuliza nimesoma nini wala nataka kuwa nani. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, kabati lisilofunga, na pembeni vikapu vya mbegu za mpunga vilivyokitia harufu ya vumbi tamu ambayo mpaka leo ikinijia puani najikuta nimesimama. Ukumbini kulikuwa na viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, na ukutani picha ya wanafunzi wa mataifa mengi wamesimama katikati ya jaruba la mpunga, suruali zimekunjwa, Bi Tatu mbele yao akiwa kijana mwembamba anayekunja uso kwa jua. Mchana ule tulikula wali na mchuzi wa kambare wa nazi, tumekaa mkekani, na kila aliyebisha hodi alikaribishwa sahani. Walipita wengi. Kila mmoja alitambulishwa kwangu kwa jina la mtoto wake na kwa kitu alichokuwa akikihangaikia: huyu paa lake limebomoka, huyu anatafuta mbegu, huyu mkwewe anaumwa. Nilikuwa nimefundishwa nchi za watu jinsi ya kujitambulisha kwa maneno machache yanayovutia. Pale hakuna aliyenipa nafasi ya kuyasema.

Simu za wakati ule zilishika mtandao sehemu moja tu ya nyumba ile, kando ya pipa la maji, chini kabisa ya dirisha la chumba changu. Kwa hiyo kila aliloongea Bi Tatu kwenye simu nililisikia, nikitaka nisitake. Siku moja, adhuhuri imekwisha adhiniwa na mimi nimejinyoosha kitandani, nikamsikia anataja jina langu. "Ndiyo, Bwana Mushi, yupo hapa kwangu. Mtoto mzuri, ana akili." Nikaketi kitako. Bwana Mushi nilimjua kwa sifa. Alikuwa mkurugenzi wizarani, mmoja wa wakubwa wa umoja wetu. Kisha Bi Tatu akasikiliza kidogo. "La, usimchukue sasa. Najua nafasi haingojei. Mpe mwingine, Bwana Mushi. Huyu niachie kwanza."

Nilitoka nje nimejifunga kanga upande, kichwa wazi. Nikamwambia, "Bi Tatu, umenikatalia kazi."

Alikuwa bado ameshika simu. Hakushtuka. "Nimekataa kiti, mwanangu. Kazi bado sijaiona."

"Mimi ndiye nisiye na kazi. Ungeniuliza mimi."

"Nakuuliza, basi. Ukienda kesho, utamwambia nini Bwana Mushi?"

"Nitamwambia nimesomea elimu ya viziwi."

"Atasema vizuri sana, kaa hapo. Utakaa. Watakuletea chai. Hapa kwetu, umewahi kumfundisha kiziwi hata mmoja?"

Nilimwambia nilifanya mazoezi Uswidi, katika shule nzuri, na watoto wazuri. Akasema, "Ndiyo maana nakuuliza hapa kwetu." Nikaingia ndani nikaanza kupanga nguo. Nililia kwa hasira, na hasira ile naiheshimu hadi leo. Nimekwisha kuwa mlezi wa vijana kadhaa mimi mwenyewe, na sijawahi kumzuilia yeyote mlango uliofunguka. Najua vijana wanaotegemewa na watu, ambao mwaka mmoja wa kungoja ungewavunja. Bi Tatu alijipa haki juu ya maisha yangu ambayo sidhani mtu yeyote anayo, na haya yote nayasema huku nikijua kwamba bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Mambo hayo mawili yameshindwa kupatana ndani yangu, nami nimeacha kuyapatanisha. Nilipotoka na begi, alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchicha. Hakunizuia. Alisema tu, bila kuinua macho, "Kesho nakwenda Maparoni, kule delta, kwa wakulima wangu. Kuna mtoto kule nataka umwone. Ukishamwona, pikapu ya Nyamisati itakurudisha Kibiti, na mabasi ya Dar yapo kila siku."

Mimi ni mtu wa nchi kavu. Mbwara watu wanajua mihogo na korosho, hawajui maji yanayobadili mwelekeo. Kutoka Nyamisati tulipanda boti ya mashine pamoja na magunia ya chumvi na mama mmoja mwenye cherehani mapajani, na tulipoingia kwenye vijito katikati ya mikoko nilishika ukingo wa boti mpaka vidole vikafa ganzi. Bi Tatu alikuwa akipiga soga na nahodha kuhusu ngiri wanaomaliza mpunga. Maparoni hatukukaa kijijini. Ilikuwa wakati mpunga unatoa masuke, na watu walikuwa wamehamia mashambani kuwinga ndege wasiule, kila familia kwenye dungu lake, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Tulikwenda kwenye dungu la Bwana Athumani, mvuvi na mkulima, na mkewe, ambaye wote walimwita Mama Zaituni. Tulipanda ngazi, tukaamkiana, tukakaa. Meza haikuwapo, ila palikuwa na bada la moto, ule ugali wa muhogo, na uduvi uliopikwa kwa nazi, na upepo ulikuwa ukipita chini ya sakafu.

Pembeni, ametugeuzia mgongo, alikaa binti wa umri wa kama miaka kumi na moja, kombeo mkononi, anaangalia ndege. Mama yake alikanyaga sakafu kwa kisigino mara moja, kwa nguvu, na yule binti akageuka. Nilielewa hapo hapo. Mbao za dungu ndizo zilizokuwa sauti yao. Bi Tatu akaniambia, "Ndiye huyo. Zaituni. Homa ilimchukua masikio akiwa hajatambaa." Akamgeukia Bwana Athumani wakaanza habari za mbegu.

Nilimsogelea Zaituni. Nilimwonyesha kwa mikono, kwa lugha ya alama niliyofundishwa, neno "wali". Akaniangalia vidole, kisha akaniangalia usoni, kama mtu anayemhurumia mgeni aliyepotea njia. Halafu akazungusha mkono juu ya kichwa, akauachia, kama anayerusha jiwe kwa kombeo, na akaonyesha mdomo wake. Wali wake yeye ulikuwa ndio huo: kurusha jiwe, halafu kula. Nilirudia alama yake. Aliyakodoa macho. Akanionyesha baba yake, nyavu zinazovutwa. Akanionyesha mama yake, mkono unaopangusa paji la uso. Akanionyesha Bi Tatu, na hapo akasita, akatembeza vidole viwili kwa haraka haraka kama mtu mfupi anayekwenda mbio, na mama yake akaangua kicheko mpaka akafunika mdomo kwa kanga. Tulikaa hivyo mpaka jua likalegea, ndege wakala mpunga, na hakuna aliyemkemea mtoto.

Nilipomwambia Bwana Athumani kwamba zipo shule za watoto kama huyu, hakukasirika. Alifikiri. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono iliyochanwachanwa na kamba za nyavu. "Nimeshaambiwa," alisema. "Bi Tatu kanisemesha siku nyingi. Shule iko mkoa mwingine. Mwanangu hawezi kuniita. Hawezi kusema nimepigwa, hawezi kusema nimeonewa. Nimpeleke kwa watu nisiowajua, mwalimu, kwa sababu gani?" Nikasema wale ni watu wazuri. Akasema, "Wewe unawajua?" Sikuwajua. Mama Zaituni akasema taratibu, bila kumwangalia mumewe, "Na tukifa sisi, nani atamjua yeye?" Nilihisi hayo si maongezi ya siku ile, ni maongezi ya miaka.

Pikapu ilinirudisha Kibiti, na nikalirudisha begi langu katika chumba changu kwa Bi Tatu, nalo likabaki. Nilimwambia nataka darasa la viziwi liwe Kibiti, siyo mkoa mwingine, mahali ambapo baba anaweza kufika na kurudi. Tulisikia kwamba Mbuchi, kijiji kingine cha delta, wako ndugu wawili kama Zaituni, na nikawafuata nikawaona. Nikamwambia Bi Tatu, "Sasa mpigie Bwana Mushi." Akasema, "Nimwambie nini?" "Atupe darasa." "Darasa lina kitu gani ndani yake?" Tulikaa jikoni, yeye anapepeta mchele na mimi nahesabu kwa sauti kila kitakachotakiwa, na kwa kila nilichotaja aliniuliza, "Nani anacho?" Siyo nani mkubwa. Nani anacho. Kwa mwezi mzima alinituma kwa watu wa umoja wetu, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja niliruhusiwa kuomba jambo moja tu, lile analoweza kulifanya bila kuomba ruhusa ya mtu. Muuguzi wa hospitali nilimwomba awapime watoto masikio. Mhandisi nilimwomba aje aone stoo ya zamani ya majembe kwenye shule moja ya msingi, aniambie kama kuta zitasimama. Siku hizi kundi letu la simu lina mamia ya watu, na kila asubuhi limejaa pongezi na matangazo, na kijana akiandika "naombeni msaada wowote" anapata mikono ya dua mingi na kazi hapati. Huwa namwandikia pembeni, namuuliza anataka kitu gani hasa, kwa nani.

Bado Bwana Athumani alikuwa hajakubali, na bila Zaituni wale ndugu wa Mbuchi nao wazazi wao wasingewatoa, kwa kuwa walikuwa wakimtazama Bwana Athumani. Ndipo Bi Tatu akafanya jambo ambalo hata waliokaa kwake miaka mingine wanalisimulia kama walikuwapo. Mkutano mkuu wa umoja wetu hufanyika Dar, hotelini, watu wanavaa suti na kubadilishana kadi zenye majina na vyeo. Alikaa kando ya pipa la maji siku kadhaa akiwapigia simu, mpaka wakakubali mwaka ule uwe Kibiti. Nilimsikia akijibu, "Hoteli ya nini? Uani kwangu panatosha." Na siku hiyo hiyo akatuma neno Maparoni kwamba Bwana Athumani anaalikwa, yeye na mwanawe.

Walikuja na basi dogo, wakateremka wakijipangusa vumbi kwenye viatu. Tulipika tangu alfajiri: wali wa nazi wa mchele wa delta, kambamiti, kuku wa kienyeji, na bada kwa walioona aibu kusema kwamba wamelikumbuka. Bwana Athumani alifika na kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, Zaituni amemshika upindo. Mwenyekiti akaomba kila mtu ajitambulishe, na wakajitambulisha kama kawaida yetu, jina, shahada, nchi, cheo. Mzunguko ulipokwisha, Bwana Athumani akainua mkono kama mwanafunzi.

"Nimesikia vyeo," alisema, "na mnisamehe, mimi ni mvuvi, vingine sijavielewa. Naambiwa mwanangu atabaki hapa na ninyi ndio mtakaokuwa watu wake. Sasa nauliza. Akiugua, nani atamshika mkono kumpeleka hospitali?"

Watu walitazamana. Kisha muuguzi, wakati ule magoti yake yakiwa mazima, akasimama akasema, "Mimi nakaa hapa hapa Kibiti, nyuma ya soko. Nitampeleka mimi."

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai, namlea."

Bwana Athumani akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Atalala wapi?" Bi Tatu akasema, "Kwangu, wote watatu, nyumba yangu mnaijua." Bwana Athumani akauliza tena, "Mimi nitapata vipi habari zake? Kwetu simu haishiki." Hakimu, wakati ule kijana mwenye sauti ndogo, akasema yeye huenda Nyamisati kila mwezi kwa kesi za mipaka ya mashamba, atampa nahodha habari kwa mdomo, na akiwa na la siri atamngoja Bwana Athumani mwenyewe. Hivyo hivyo mpaka akamfikia Bwana Mushi, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, tai imelegezwa. "Na wewe mkubwa?"

Bwana Mushi akasema, "Mimi nitatoa kibali cha darasa, mzee."

"Hiyo ni kazi yako, baba, na Mungu akubariki. Nauliza wewe."

Kulikuwa na kicheko kidogo cha woga. Bwana Mushi hakucheka. Alimwangalia Zaituni, ambaye muda wote huo alikuwa akipita kwa kila aliyesema, akimkagua, na kumpa alama: muuguzi kwa kijipele cha shavuni, hakimu kwa namna alivyokuwa akisukuma miwani. Mwisho Bwana Mushi akasema, "Nina wazazi Lindi. Napita njia hii nikienda kuwaona. Kila nikipita nitasimama nimwone." Na alisimama. Miaka yote ya shule ya yule mtoto, gari la wizara au la kwake mwenyewe, lilisimama pale na machungwa.

Bwana Athumani alikula, akanawa, akaomba dua. Kisha akasema, "Muhula mmoja. Nikimkuta amekonda, narudi naye."

Alikonda. Hilo ndilo ambalo watu husahau kulisimulia. Darasa lilifunguliwa katika ile stoo, mlango umepakwa rangi ya samawati, na majuma ya kwanza Zaituni alikaa dirishani ameangalia barabara. Ndugu wa Mbuchi walikuwa wawili na walikuwa na lugha yao. Yeye hakuwa na mtu. Alikataa wali, alikataa samaki, na nilipomshika mkono kumfundisha herufi aliulegeza kama kitambaa. Muuguzi alimpima akasema hana ugonjwa. Muhula ulikuwa unakwenda ukingoni na mimi niliyasikia magurudumu ya ile pikapu kichwani mwangu kila siku. Nilimuuliza Bi Tatu nifanye nini, nikitumaini safari hii atanipa jibu. Akasema, "Sijui, mwanangu. Mimi nilisomea mpunga."

Kisha siku moja tulikuwa tunakula chakula cha mchana, sinia moja, Bi Tatu akibishana na mgeni mmoja kuhusu bei ya korosho. Zaituni alikuwa amekaa mbele yangu bila kula. Nilikuwa nimemfundisha alama ya "nini" na ya "kwa nini", naye hakuwahi kuzitumia. Akanigusa goti. Akanionyesha mdomo wa Bi Tatu, mdomo wa mgeni, mdomo wangu, akatikisa vidole vyake vikifunguka na kufumba. Halafu akauliza: "Mnatafuna nini?"

Sikuelewa. Nikamwonyesha sinia. Akakataa kwa hasira. Akauliza tena, akionyesha barabara, majirani, akionyesha mbali kule upande wa delta ambako alijua baba na mama yake wako. Wote. Kila wakati. Midomo inakwenda hata pasipo na chakula. Mnatafuna nini, na kwa nini mimi hamnipi?

Niliweka tonge chini. Kwa miaka yote ya maisha yake alikuwa ameona watu wakichezesha midomo, na akaamini kuna kitu kinaliwa duniani ambacho yeye peke yake amenyimwa, hata na mama yake. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba kuna sauti, kwa kuwa hakukuwa na pa kuanzia. Nilimvuta karibu, nikaweka kiganja chake kooni kwa Bi Tatu, nikamwambia Bi Tatu aendelee kusema, aseme chochote. Akaendelea na korosho zake, machozi yanamtiririka. Zaituni alihisi mtikisiko. Akaweka kiganja kingine kooni kwake mwenyewe. Nikamwambia, polepole, kwa alama chache alizokuwa nazo na zile alizonipa yeye kule dunguni: siyo chakula. Ni maneno. Yanatoka huku, yanaingia masikioni. Masikio yako yaliugua. Maneno yako yanatoka hapa, na nikamshika mikono. Alivitazama vidole vyake mwenyewe. Kisha akasogea kwenye sinia, akala wali mpaka mgeni akasema huyu mtoto alikuwa na njaa.

Bwana Athumani alipokuja alimkuta ameanza kunenepa, na alimkuta ana maswali. Alimuuliza baba yake, mimi nikitafsiri, kwa nini bahari inarudi nyuma, kwa nini bibi alizikwa ardhini, kwa nini alimwacha. Bwana Athumani alijibu yote, na la mwisho alilijibu mara mbili. Alirudi Maparoni peke yake.

Mwaka wangu ulikuwa umefika mwisho. Asubuhi moja nikamsikia Bi Tatu kando ya pipa, sauti imejaa furaha. "Bwana Mushi, sasa mchukue. Sasa ana la kukwambia." Akaniita, akanipa habari kama mtu anayempa bibi harusi zawadi: nafasi ipo, ya kusimamia elimu ya viziwi, na Bwana Mushi anataka mimi na si mwingine. Alikwisha kuninunulia kitambaa cha suti. Nikamwambia, "Siendi, Bi Tatu." Akadhani natania. Nikamwambia sina mtu wa kumwachia watoto wale, na kwamba swali la Zaituni bado lilikuwa linaniuma, na sijui kuna watoto wangapi delta nzima wanaodhani wamenyimwa kitu. Uso wake ulibadilika. "Nimekungojesha mwaka mzima kwa ajili ya mlango huu," alisema. "Unadhani nilikuleta uje ufungwe hapa? Hapa mimi nipo. Pale hatuna mtu." Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyekataa kiti. Akasema, "Usinirudishie maneno yangu," akaingia ndani, akafunga mlango. Kwa siku kadhaa tulipikiana, tukala, na tuliyokuwa tukiambiana ni nipe chumvi, nipe maji.

Baadaye, katikati ya kipindi, nikaona mlango wa samawati unafunguka. Bi Tatu aliingia na viatu vyake vya shamba, akakaa benchi la nyuma, magoti yakimgusa kidevu. Hakuniamkia. Nilikuwa nawafundisha majina ya siku, na Zaituni alikuwa mbele akimsahihisha mdogo wa wale ndugu wa Mbuchi, anamshika vidole na kuvipanga, ana ukali kama mwalimu wa madrasa. Nje kulikuwa na mama mmoja simjui, amesimama juani na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, anangoja nimalize, na mtoto yule wa mkononi hakugeuka mbuzi alipolia nyuma yake. Bi Tatu alimwona. Alimwangalia, akaniangalia mimi, akaangalia benchi zilivyojaa watoto walioletwa baada ya wale watatu. Akanyanyuka taratibu, akajikung'uta vumbi, akapita katikati ya watoto mpaka mlangoni. Hapo akatoa simu yake, akaiinua juu kutafuta mtandao.

"Basi, kaa," aliniambia. "Wewe kaa. Huyu Mushi namwambia aniletee mwalimu wa pili."